Dobi Aliyemtaka Sultani Avue Uso

Hapo zamani, katika mji wa Kirumbi, palikuwa na sultani jina lake Mwinyi Hatibu, mtu mwenye mali na heshima, tena mpole kwa raia zake. Lakini alipenda mno kusifiwa sura. Tangu ujana wake alizoea kujitazama katika sinia ya shaba, na sinia ya shaba, hata ikisuguliwa kwa ndimu na majivu, humwonyesha mtu rangi ya dhahabu na uso usio na doa. Basi sultani akafika umri wa miaka hamsini na mitatu akijidhani ni kijana wa thelathini, wala hapakuwa na mtu barazani kwake aliyethubutu kumwambia vinginevyo.

Ikawa mwaka mmoja mgeni akamletea zawadi ya kioo kikubwa kutoka ng'ambo, kikatundikwa chumbani mwake. Sultani akakisogelea akitabasamu, mara akarudi nyuma, akauliza, "Nani huyu mzee?"

Waziri wake, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatazama sakafu. Sultani akasogea tena, naye yule mzee akasogea. Akainua mkono, mzee akainua wake. Hapo akafahamu, akaketi kitandani kwa kishindo, na chakula cha mchana siku ile kikarudi jikoni hakijaguswa.

Basi habari ya huzuni ya sultani ikamfikia Tajiri Zaharani, muuza marashi na marhamu, mtu ambaye maneno yake yalikuwa laini kuliko bidhaa zake. Akaja mbio na sanduku la vichupa, akainama, akasema, "Maulana, usihuzunike. Makunyanzi ni vumbi la miaka tu, na marhamu yangu hulipangusa vumbi hilo kama mtu apangusaye meza."

"Bei yake?" akauliza sultani.

"Kichupa kimoja kwa fahali mmoja aliyenona. Kwa uso kama wako, maulana, fahali ni nini?"

Sultani akanunua vichupa saba, akapaka. Siku saba zikapita, makunyanzi yakawa yaleyale. Zaharani akasema, "Dawa imeanza kazi kwa ndani, ikimaliza ndani itatoka nje." Sultani akanunua vichupa saba vingine. Vikaisha, na kioo hakikubadili maneno yake. Zaharani akakuna kidevu, akasema, "Sasa nimejua. Dawa inataka maziwa. Uoge maziwa kila asubuhi, pipa zima, ndipo upake."

Basi ikatoka amri kwamba maziwa yote ya mji, ya ng'ombe na ya mbuzi, yapelekwe kasri kila alfajiri. Sultani akaoga maziwa, na maziwa yaliyokwisha kuogewa yakamwagwa mtaroni, kwa kuwa ilikuwa haramu mtu kunywa maji ya kuogea ya mfalme. Miezi mitatu watoto wa Kirumbi wakanywa uji wa maji matupu, huku mtaro wa kasri ukitoka mweupe. Na wake wa matajiri nao, walipoona sultani anapaka, wakauza bangili zao wapate vichupa, wasije wakaachwa nyuma.

Sasa, ukingoni mwa mji huo alikaa mjane mmoja jina lake Mwanakombo, dobi kwa kazi yake. Hakuwa na kitu ila pasi moja ya makaa, mbuzi mmoja wa maziwa, na wajukuu wawili mayatima aliowalea. Watu walimwita punguani, kwa sababu alikuwa na tabia ya kusema na nguo alizozifua. Akiona kanzu imekataa kunyooka, huiambia, "Ndugu yangu, nani kakuudhi leo?" Wapita njia wakimsikia hucheka, lakini nguo zao walimletea yeye, maana zilitoka mikononi mwake zimenyooka kama karatasi.

Asubuhi moja askari wa sultani akamkuta kisimani, akasema, "Haya bibi, toa maziwa."

Mwanakombo akashika kiuno. "Mwanangu, mimi nina mbuzi mmoja na vinywa viwili vinavyomngoja. Hebu niambie, maziwa yote haya huyu bwana ana ugonjwa gani?"

"Hana ugonjwa. Ni ya kumwondolea makunyanzi."

Mwanakombo akacheka hata akaangusha ndoo. "Makunyanzi! Kumbe mji mzima tunalala na njaa kwa ajili ya makunyanzi! Mbona mimi huyaondoa kila siku ya Mungu kwa konzi moja ya makaa ya vifuu? Miaka ishirini sijaona kunyanzi lililonishinda. Kamwambie bwana wako aniletee mimi kazi hiyo."

Askari yule alikuwa mtu asiyejua mzaha. Akapita nyumbani kwake akayachukua maziwa, akayachukua na maneno, akayafikisha yote kasri. Haukupita muda Mwanakombo akaitwa, akajikuta amesimama mbele ya sultani na mikono yake ingali na povu la sabuni, na kando ya kiti Tajiri Zaharani anatabasamu.

"Ewe dobi," akasema sultani, "ni kweli umesema hakuna kunyanzi lililokushinda?"

Mwanakombo akaona mlango umefungwa kotekote: akikana, ataambiwa alimdhihaki mfalme, akikiri, atadaiwa kazi. Akaona heri kukiri. "Naam, maulana. Nimesema."

"Basi kesho asubuhi, mbele ya baraza langu, utaniondolea haya. Ukiweza, omba utakalo. Usipoweza, mbuzi wako nitamchukua, nawe utatoka katika mji huu pamoja na wajukuu wako."

Zaharani akasema polepole, "Hukumu ya haki kabisa."

Mwanakombo akainama. "Nimesikia na nimetii. Ila, maulana, kila kazi ina masharti yake. Niapie kwamba utayafuata masharti ya kazi yangu, kama ulivyoyafuata ya tajiri huyu."

Sultani akaapa. Mwanakombo akarudi nyumbani, akaketi karibu na mbuzi wake. "Mdomo wangu huu," akamwambia, "leo umetufikisha. Wewe utakwenda kuwa pilau, na mimi na watoto hatujui tutalala wapi." Mbuzi akaendelea kutafuna. Mwanakombo akamtazama muda mrefu, kisha akainuka, akatwaa pasi yake, akaanza kuisugua kutu, na alipokuwa akisugua akaanza kutabasamu kidogokidogo.

Kulipokucha, watu wakajaa katika uwanda wa kasri, ambapo sultani alikuwa akiketi kila asubuhi kuamua mashauri. Mwanakombo akaja na pasi inafuka moshi, bakuli la maji ya kunyunyizia, na blanketi lake kuukuu la kupigia pasi, akalitandaza chini mbele ya kiti. Sultani alipoziona cheche za makaa akavuta miguu nyuma.

"Hiyo pasi ni ya nini?"

"Ndicho chombo changu, maulana. Tajiri ana vichupa, mimi nina pasi. Sasa, kwa idhini yako, vua."

Sultani akavua joho, akampa mtumishi.

"Bado, maulana."

Akavua kilemba.

"Bado."

"Ewe mwanamke, nimebaki na kanzu! Wataka nivue nini tena mbele za watu?"

"Uso, maulana. Vua uso unipe."

Mzee mmoja barazani akapaliwa na kahawa. Sultani akasema, "Uso?"

"Naam. Mimi nguo siipigi pasi ikiwa mwilini mwa mtu, ndilo sharti la kwanza la kazi yetu. Marehemu mume wangu aliwahi kunilazimisha, alikuwa na haraka ya kwenda arusini, nikampigia pasi kanzu ingali mgongoni. Arusini alikwenda, maulana, lakini alikaa kwa kuinama, na ile alama amezikwa nayo, Mungu amrehemu. Sitaki yakufike wewe. Vua uso, nitaulaza hapa juu ya blanketi, nitaunyunyizia maji, nitaupiga pasi mbele na nyuma, na nitakurudishia kabla kahawa haijapoa."

"Lakini ni nani duniani awezaye kuvua uso wake?"

"Hilo nami limenikesheza, maulana. Umeapa kufuata masharti yangu. Uso ukivuliwa, pasi iko tayari. Na kama uso hauvuliki, basi kazi haikunishinda mimi, imemshinda mteja."

Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akaziba kinywa kwa kilemba. Sultani akang'ata mdomo, asijue acheke au akasirike. Zaharani akaruka mbele. "Maulana, punguani huyu anakudhihaki! Bado vichupa saba tu na maziwa ya mwezi mmoja, na uso wako utakuwa kama yai."

Mwanakombo akamgeukia. "Tajiri, nikuulize jambo, maana mimi si msomi. Maziwa humo ndani ya ng'ombe hukaa siku ngapi?"

"Siku zote, kwani hayatoki humo?"

"Basi ng'ombe ana maziwa ndani maisha yake yote, na ngozi ya shingo yake ina makunyanzi hata ungeweza kuficha funguo. Kama maziwa hayakumfaa mwenyewe, yatamfaaje mtu wa kuazima?"

Sultani akamgeukia waziri wake. "Ni kweli ng'ombe wana makunyanzi shingoni?"

Waziri akasema, "Maulana, tena mengi."

Hapo watu hawakuweza tena kujizuia, wakacheka. Sultani akangoja wanyamaze, na alipoanza kusema tena sauti yake ilikuwa ya chini, si ya mfalme, ila ya mtu aliyechoka. "Dobi, nimeapa, na sharti lako limenishinda, kwa hiyo mbuzi wako ni wako. Lakini wewe utakwenda zako ukicheka, na mimi nitarudi kwenye kioo kile. Sikutaka kuwa kijana, wallahi. Nilitaka yapungue tu. Je, hakuna kitu?"

Mwanakombo alikuwa amejiandaa kwa hasira, lakini kwa maneno hayo hakujiandaa. Akaiweka pasi mbali, akafuta mikono, akaomba ruhusa, akausogelea uso wa sultani akautazama kama atazamavyo nguo iliyoletwa na mteja: kushoto, kulia, kisha kushoto tena.

"Maulana, kiti hiki kimekaa mahali hapa muda gani?"

"Miaka ishirini na sita, tangu alipofariki baba yangu."

"Kikielekea kusini hivihivi kila asubuhi?"

"Hivihivi."

Mwanakombo akainua macho, akalitazama jua lililokuwa likipanda upande wa mashariki. Akasema, "Kitu kipo, lakini sipendi kukuahidi kwa mdomo. Tuugawe uso. Shavu la kushoto liwe langu, la kulia liwe la tajiri. Siku arubaini, kila mtu atunze lake, kisha kioo chako kiwe kadhi. Nikishindwa, nitatoka mjini kama ulivyosema."

Zaharani akautazama uso wa sultani, akaona kuwa shavu la kushoto ndilo lililoharibika zaidi, lina mistari kama jamvi, na la kulia lina nafuu. Akacheka kimoyomoyo, akasema, "Nimeridhika! Wala asije akataka kubadilisha."

"Sitabadilisha," akasema Mwanakombo. "Masharti yangu ni mawili. Kila uogapo, maulana, oga maji tu, na kabla ngozi haijakauka ulipake shavu langu mafuta ya ufuta, kiasi cha kulowesha vidole viwili. Nusu kibaba kitakufikisha siku arubaini na kitabaki cha kukaangia. La pili, kiti kihamie upande ule wa uwanda kielekee kaskazini, na watu wahamie huku. Tajiri, una neno?"

"Dawa yangu haiogopi kaskazini wala kusini," akasema Zaharani, "ila maziwa yasikose."

"Yasikose," akasema Mwanakombo. "Lakini sasa una shavu moja tu. Shavu moja haliogi pipa. Kikombe kimoja kitakutosha."

Sultani akafikiri, akaona ni kweli, akaamuru kikombe kimoja. Na siku ileile maziwa mengine yote ya mji yakarudi majumbani, na jioni watoto wa Kirumbi wakalala na masharubu meupe.

Basi siku zikaenda. Kila asubuhi sultani akaketi katika uwanda akielekea kaskazini, na jua la mashariki, lililokuwa likimpiga kushoto kwa miaka ishirini na sita, sasa likampiga kulia. Zaharani alipoona siku ya kumi imepita na shavu lake halina jipya, akaingiwa na wasiwasi, akaongeza maji ya ndimu katika marhamu, kwa kuwa alisikia ndimu hung'arisha. Nayo ndimu pamoja na jua, mwenye kujua anajua hufanya nini. Shavu la kulia likaanza kuwasha, likawa jekundu, kisha likabanduka. Sultani akalalamika. Zaharani akamwambia, "Vumilia, maulana, ngozi kuukuu inaaga." Kwa Mwanakombo hakupeleka malalamiko, maana hakuwa nayo.

Siku ya arubaini kioo kikachukuliwa na watu wanne kikaletwa uwandani, na mji mzima ukaja. Mwanakombo akaja na wajukuu wake, nguo zao zimefungwa kitita, kwa kuwa hakuwa na hakika hata kidogo, na alitaka kama ni kufukuzwa aondoke bila kurudi nyumbani kulia.

Sultani akasogea kwenye kioo, akatazama kwanza upande wa kulia, akaugua. Shavu la Zaharani lilikuwa limeota madoa na limebabuka kama muhogo uliosahauliwa jikoni. Akatazama upande wa kushoto. Akakaribia, hata pua ikagusa kioo. Ile mistari myembamba iliyokuwa kama jamvi ilikuwa imelainika, mingine haionekani tena. Mistari mikubwa ilikuwapo, ila haikuwa mikavu wala mikali kama kwanza.

"Yamepungua," akasema sultani polepole. "Waziri, njoo uone. Yamepungua!" Kisha akamgeukia Mwanakombo. "Lakini haya makubwa bado yapo."

"Yapo, maulana, na yatakuwapo. Atakayekuambia yatakwisha, mtazame mkononi, utakuta ameshika kichupa."

"Umefanya nini? Mafuta ya ufuta hata mpishi wangu anayo."

"Ndiyo hayohayo. Mafuta yamelainisha ngozi iliyokauka. Lakini kazi kubwa nimefanyiwa na kiti. Mimi ni dobi, maulana, naujua ugomvi wa jua na kitambaa. Leso ikianikwa upande mmoja miaka yote, upande ule hupauka na kukakamaa, na upande wa pili hubaki laini. Nilipoutazama uso wako niliona leso iliyoanikwa upande mmoja. Basi nikauanua."

"Na upande wa pili umeuanika!"

"Ule haukuwa wangu," akasema Mwanakombo. "Nilimwuliza mwenyewe kama ana neno."

Sultani akakitazama kiti. Akaukumbuka mtaro mweupe, na mafahali aliowatoa, na watoto waliokunywa uji wa maji kwa miezi mitatu kwa sababu mfalme wao hakufikiri kusogeza kiti. Aibu ikamshika, uso ukamwiva pande zote mbili. Akawatazama watu, nao wakamtazama, hakuna aliyejua litakalofuata. Kisha bega moja likamtikisika, na la pili, na sultani akaangua kicheko kikubwa, akacheka hata akashika mkono wa kiti, na mji mzima ukacheka naye, hata yule askari asiyejua mzaha.

"Lianueni na hili la kulia!" akasema akijifuta machozi. "Wekeni chandalua juu ya kiti kabla ya kesho. Na wewe, Mwanakombo, niliahidi kukupa utakalo. Sema."

Mwanakombo akakiweka chini kile kitita cha nguo. "Ng'ombe mmoja wa maziwa, maulana, kwa ajili ya hawa. Na jambo moja zaidi. Nimeambiwa mashuka na mataulo yako ya kuogea maziwa yamerundikana ghalani miezi mitatu hayajafuliwa, na ya kwamba harufu yake imewafukuza paka. Nimeambiwa pia yataletwa kwangu. Nakuomba, maulana, yasiletwe."

"Hayataletwa kwako," akasema sultani, akamgeukia Zaharani, ambaye alikuwa amekwisha kufika karibu na lango. "Tajiri! Mafahali wangu urudishe, na bangili za wanawake urudishe. Na ghala lile utalifua wewe, kwa mikono yako, shuka kwa shuka, hata liishe."

Ikawa kama alivyoamuru. Mwanakombo akapewa ng'ombe wawili badala ya mmoja, na wanawake wa Kirumbi wakavaa tena bangili zao, wakanunua ufuta sokoni na kutembea upande wa kivuli. Naye Tajiri Zaharani alionekana kisimani tangu asubuhi hata alasiri akifua mashuka yaliyoganda, amefunga kitambaa puani, huku Mwanakombo ameketi kivulini na wajukuu wake akimwonyesha pa kusugua.

Siku ya tatu Zaharani akainua mikono yake kutoka majini akaitazama, akapiga kelele. Ncha za vidole vyake kumi zilikuwa zimekunjamana kama zabibu kavu.

"Bibi Mwanakombo!" akalia. "Tazama makunyanzi haya! Yamenitoka siku moja! Nakuomba, dawa yake ni nini?"

Mwanakombo akanywa funda la maziwa, akafuta mdomo, akamwambia, "Vitoe majini."

Habari yao naliipokea mpaka hapo, na hapo ndipo ninapoituliza. Aliyeipata ndefu zaidi na atusimulie.